Meno Mawili Mbele ya Hakimu

Projestus alikuja mwezi uliopita, na mara hii hakuja kwa baiskeli. Miaka yote huja nayo, akiisukuma zaidi ya kuipanda, kwa sababu nyuma amefunga mkungu wa ndizi, na njia ya kutoka kwake Nyabiyonza mpaka hapa Songambele ina vilima visivyomhurumia mtu wa umri wake. Mara hii alishuka kwenye bodaboda, mkungu umebanwa kati yake na dereva, na yule kijana alikuwa analalamika kwamba utomvu umemharibia jaketi na utomvu wa ndizi hautoki kwa sabuni yoyote. Projestus hakumsikiliza. Aliutua mkungu kizingitini, na kabla hajaulizia ng'ombe wala watoto, akaniuliza lile analoniuliza kila mwaka. "Muramu, umepona?" Sisi tunasema muramu pale wenzetu wanaposema shemeji. Nikafungua kinywa nikamwonyesha pengo langu la juu. "Bado." Akatikisa kichwa kwa huruma ya uongo, akaingia ndani kudai chai. Mke wangu Verediana, ambaye ndiye dada yake wa kufuatana, akapaza sauti kutoka jikoni kwamba sisi wazee wawili hatuna haya. Mjukuu wangu aliyekuja likizo alikuwa amekaa mlangoni na simu yake. Akauliza, "Babu, huo ni ugonjwa gani usiopona tangu mimi sijazaliwa?" Nikamwambia aweke simu chini. Ninayoandika hapa ni yale niliyomsimulia siku ile, pamoja na machache ambayo sikuweza kuyasema huku bibi yake anasikia.

Ulikuwa mwaka ule sabuni ilipokuwa adimu, vita imekwisha na maduka yamebaki na rafu tupu, tunafua nguo kwa majani ya mpapai na kunywa chai isiyo na sukari huku tukilamba chumvi pembeni. Mimi nilikuwa kijana mzuri. Nasema hivyo bila kuomba radhi kwa sababu wengi wa walioweza kunipinga wamekwishatangulia mbele ya haki. Nilikuwa na meno ya kuonyesha watu, na nilikuwa napiga mluzi ambao ng'ombe wa baba waliufuata kutoka upande wa pili wa bonde. Asubuhi moja yenye ukungu nilikuwa nawapeleka malishoni, nikapita kisimani, na pale kisimani alikuwepo Verediana peke yake anahangaika na ndoo. Mtu hawezi kumpita msichana anayehangaika na ndoo. Nikamtwisha, tukasemezana kidogo, ndoo ikateremshwa ili tusemezane vizuri, ikapandishwa tena. Nilipogeuka, ng'ombe hawakuwepo. Walikuwa wamemfuata Bihogo, jike letu jekundu lenye tabia mbaya, wakaingia kibanjani, yaani shamba la migomba, kwa kina Verediana, na kule walikuwa wanatafuna machipukizi ya migomba kama wageni walioalikwa.

Projestus alitokea kwenye migomba ameshika mpini wa jembe usio na jembe. Sisi tulijuana tangu utotoni, tulisoma darasa moja, na nadhani angepiga kelele tu yakaisha. Lakini ulimi wangu siku ile ulikuwa bado na sukari ya kisimani. Alipoanza kunitukania ng'ombe, nikamwambia ndizi zenyewe zimekonda hivi, mimi namshangaa Bihogo amewezaje kuzila. Kwetu unaweza kumsema mtu umbo, unaweza kumsema baiskeli yake, lakini humsemi mkulima migomba yake akiwa amesimama ndani yake. Mpini ulikuja sikuuona. Nilichoona baada yake ni nyasi karibu sana na jicho langu, na damu, na Projestus amepiga magoti mbele yangu anapapasa chini. "Limeanguka wapi? Novatus, umeliona limeanguka wapi?" Alikuwa analitafuta jino. Nami, sijui kwa nini, nikaanza kulitafuta pamoja naye. Tulitambaa pale wote wawili, mmoja anavuja damu na mwingine analia, na Bihogo akaendelea kula. Jino tulilipata. La pili lilikuwa limekatika nusu, na mganga wa zahanati alilimalizia siku hiyo hiyo kwa koleo.

Baba yangu mdogo, mtu wa hasira za haraka na majuto ya haraka vilevile, alilifunga lile jino kwenye kipande cha jani la mgomba akaenda nalo kituo cha polisi kabla jua halijafika utosini. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kesi. Polisi walitoa fomu yao, na mganga wa zahanati akaijaza: meno mawili ya mbele, ya juu, yametoka, kwa kitu butu. Mahali fomu inapouliza kama dhara ni la kawaida au ni kubwa, yeye, mtu mwangalifu sana, aliandika kwamba hilo mahakama italiona yenyewe.

Sasa mjukuu wangu aliuliza, na wewe huenda ukauliza, mkungu unaingiaje hapo. Sisi kwetu, ukimtoa mwenzako damu, nyumba yako inamlisha mpaka apone. Haijalishi nani alianza. Na chakula hufuata jeraha: aliyemkwaruza mwenzake hupeleka kibuyu kimoja cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakanywa pamoja yakaisha; aliyemvunja mguu hupeleka chakula mpaka mguu ukanyage chini. Ndiyo maana kesho yake, midomo yangu imevimba hata siwezi kuifumba, mlango wa nyumba yetu uliingiwa na kivuli, na chini ya kile kivuli alikuwepo Verediana na kikapu kichwani. Mama yake alikuwa amepika matoke, akayaponda mpaka yakawa laini kabisa, na kuyachanganya na karanga zilizotwangwa. Mama yangu akaongezea samli juu. Siwezi kusahau harufu iliyotoka pale lile jani lilipofunguliwa. Nilikula kwa kijiko cha mtoto, machozi yananitoka kwa maumivu na kwa utamu, na Verediana amekaa kwenye nyasi za sakafuni karibu na kichanja cha vibuyu vya maziwa, ananitazama kwa uso wa mtu aliyetumwa kuhesabu kama chakula kimeisha.

Akaja na siku iliyofuata, na iliyofuata. Kutafuna sikuweza, kwa hiyo katikati ya matoke nilikuwa nakunywa maziwa, asubuhi, mchana na jioni, maziwa ya vibuyu vilivyofukizwa moshi, na hakuna kijana anayekunywa maziwa namna hiyo akabaki alivyokuwa. Nilinenepa. Mashavu yaliyoanza kwa kuvimba yaliendelea kwa kunawiri. Wiki ya pili kidonda kilikuwa kimefunga, na Verediana alinikuta nyuma ya nyumba natafuna hindi la kuchoma kwa meno ya pembeni. Tulitazamana. Mimi nikashusha hindi. Yeye akatua kikapu, akakaa, akasema, "Kula kwanza matoke, yatapoa." Siku iliyofuata akaja tena. Kama kuna miezi ya furaha tupu katika maisha yangu, basi ni ile miezi niliyokuwa majeruhi.

Nilikuwa nalala chumba kilichopakana na jiko, na jioni moja nikasikia mama na shangazi wanaongea huku wanamenya ndizi. Nilikuwa nimeona kwamba siku hizi nyasi za sakafuni zinabadilishwa kila asubuhi, nyasi mbichi zinazonukia, jambo ambalo nyumba yetu ilikuwa inafanya kwa sikukuu na kwa padri. Shangazi akauliza, "Huyu kijana si amepona?" Mama akasema, "Amepona zamani." "Mbona hajasema?" "Hajaulizwa." Visu vikaendelea kidogo. "Na huyu binti mbona anaendelea kuja?" Mama akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Naye hajaulizwa." Basi nikajua kwamba mama anangoja tu nimwombe atafute mshenga wa kupeleka maneno kwa mama yake Verediana. Nilikuwa nimepanga kumwomba baada ya mavuno ya kahawa.

Wito wa mahakama ulifika kabla ya mavuno. Sisi tulikuwa tumesahau kuna kesi. Baba mdogo, ambaye kwa wakati huo alikuwa anakunywa rubisi na Projestus kila Jumapili baada ya misa, alikwenda mbio kituoni kusema amefuta mashitaka, tumepatana, jino arudishiwe. Koplo aliyeshika jalada alimsikiliza kwa adabu, kisha akamweleza kwamba kesi ya damu si ya baba mdogo tena wala si ya Novatus, ni ya Jamhuri, na mimi ni shahidi tu. Akamweleza na jambo la pili, ambalo baba mdogo alirudi nalo uso umemshuka. Hakimu wa mahakama yetu ya mwanzo atalitazama jeraha. Akiona ni dhara la kawaida, kesi ataimaliza yeye mwenyewe, na upatanisho wetu utasikilizwa. Akiona ni dhara kubwa, uwezo wake unaishia hapo, jalada linapanda wilayani, na kule watu wa makosa ya namna hiyo wanafungwa miaka. Projestus ndiye aliyekuwa mwanamume pekee wa nyumba ile tangu baba yao afariki. Akienda jela, kile kibanja kitarudi kuwa pori na mama yao atazeeka kabla ya siku zake. Na mimi, ningemtuma mshenga gani kwenye nyumba ambayo meno yangu yameinyang'anya kijana wake? Usiku ule Verediana alipokwishaondoka na kikapu kitupu, nililala naupapasa ufizi kwa ulimi, nikiomba uwe mdogo.

Mahakama yetu ilikuwa chumba kimoja cha matofali na bati, jirani na ghala la kahawa, kwa hiyo haki kwetu ilikuwa na harufu ya kahawa mbivu. Hakimu alikuwa mtu wa Pangani, mwembamba, mwenye Kiswahili kizuri mno hata wazee walikuwa wanakuja kusikiliza kesi zisizowahusu ili wamsikie tu. Alikuwa na mwaka hivi tangu aletwe kwetu na bado alikuwa anaulizia mchele. Kulia kwake alikaa Mzee Bartazari na kushoto Mama Domitila, washauri wa mahakama, wazee wetu wawili wenye kazi ya kumwambia hakimu mambo ambayo vitabu vyake havikuyaandika. Projestus alisimama kizimbani amevaa shati la ndoa ya mjomba wake. Hakukana kitu. "Nilimpiga, Bwana Hakimu. Na jino nililitafuta mimi."

Koplo akasimama. Sikumchukia hata siku ile. Alikuwa anafanya kazi yake, na aliifanya vizuri kupita kiasi. Alisema sheria inataja dhara kubwa kuwa ni lile linaloharibu au kulemaza daima kiungo chochote cha mwili, cha nje au cha ndani. Au linaloharibu afya sana. Au linaloharibu sura ya mtu moja kwa moja. Akaniomba nitabasamu. Nikatabasamu, ukumbi ukaguna. "Hicho ni kiungo kilichopotea," akasema, "na hiyo ni sura iliyoharibika, na zote mbili ni daima, maana mtu mzima haoti meno." Kisha akaleta hoja iliyonitoa jasho. Akamgeukia Mzee Bartazari akamwomba aeleze mila yetu ya kulishana. Mzee, mtu wa kweli asiyejua kupinda, akaieleza yote, na akaongeza kwa fahari kwamba chakula hufuata jeraha. Koplo akatoa mashahidi wawili waliomwona Verediana njiani na kikapu, siku kwa siku, tangu kabla ya mvua mpaka baada ya mvua. "Bwana Hakimu," akasema, "familia ya mshitakiwa yenyewe imelipima jeraha hili kwa mizani ya kwao. Imelipima kwa miezi." Nilimtazama mama yake Projestus kwenye benchi. Alikuwa ameshika mdomo. Wema wake wote, zile karanga zote alizotwanga, vilikuwa vimekwenda kumfunga mwanawe.

Hakimu akaahirisha kidogo ili atete na washauri wake kwenye chumba cha nyuma. Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa mbao zilizokauka zikaachana, na benchi la mashahidi liliegemezwa hapo hapo. Sikutega sikio, sikio lilikuwepo tayari. Mzee Bartazari alikuwa wa kwanza. "Jino si kiungo. Watoto wote wa kijiji hiki wanang'oka meno na sijaona hata mmoja kwenda polisi." "Ya mtoto huota tena, Mzee," hakimu akasema. "Sheria inauliza kama ni daima." Hapo Mama Domitila akaingilia. "Mimi ya mbele sina hata moja, Bwana Hakimu. Kwa hiyo mimi ni kilema?" Nikasikia kiti kinasogezwa. "Mama, mimi sijasema hivyo." "Nauliza tu." Hakimu akavuta pumzi. "Jino linatafuna, linasaidia kutamka, na kijana amepotewa na mawili. Siwezi kuandika kwamba hakupotewa na kitu. Ninachotaka kujua ni kimepotea kiasi gani. Na hilo la chakula ndilo linalonikaba. Ninyi wenyewe mmeniambia chakula hufuata jeraha. Basi jeraha la miezi yote hiyo nitaliitaje dogo?" Mzee Bartazari akajibu kwa unyonge kwamba mila ni mila.

Walipotoka niliitwa tena mbele. "Novatus," hakimu akasema, "unatafuna?" Natafuna. "Unapiga mluzi?" Napiga, ila siku hizi unatoka na upepo. Watu wakacheka kidogo. "Afya yako?" Kabla sijajibu baba mdogo akasema kwa sauti kwamba mtazameni mashavu, akanyamazishwa. "Sasa nieleze. Kinywa chako kilipona lini?" Nikasema wiki ya pili. Akaweka kalamu chini. "Ikiwa kilipona wiki ya pili, chakula cha miezi hii kilikuwa cha nini?" Jibu nilikuwa nalo, na kila mtu wa Songambele aliyekuwa mle ndani alikuwa nalo pia, lakini hakuna mshenga aliyekuwa amekanyaga kwao. Kumtaja msichana mbele ya watu namna ile, kabla maneno hayajapelekwa kwa mama yake, ni kumvua nguo. Na nisipomtaja, kaka yake anakwenda wilayani. Nilisimama pale nimeshika kofia, midomo inachezacheza bila sauti, na koplo akaanza kusema kwamba shahidi ameshindwa kujibu.

"Swali hilo ni langu," sauti ikasema kutoka nyuma. Verediana alikuwa amesimama. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimeteleza na hakukirekebisha. Hakimu akamuuliza yeye ni nani. "Mimi ndiye niliyekuwa napeleka chakula." Akaapishwa. Hakimu akamuuliza kama ni kweli kwamba kinywa kilipona mapema. "Nilimkuta anatafuna hindi la kuchoma, wiki ya pili. Mama alikwisha kuniambia niache. Chakula cha siku zilizofuata sikutumwa. Nilipika mwenyewe." Mama yake akageuka pale kwenye benchi kama mtu aliyeguswa na moto. "Kwa nini?" hakimu akauliza, na nadhani mtu wa Pangani peke yake ndiye ambaye hakujua jibu. Verediana akatazama sakafu. Ndipo Mama Domitila akainama mbele. "Bwana Hakimu, hilo usimuulize mbele ya kaka yake. Muulize lile la sura." "La sura?" "Koplo anasema sura ya huyu kijana imeharibika daima. Mimi ni mzee, koplo ni mwanamume, wewe si wa hapa. Muulize huyu."

Nikaona hakimu amemwelewa. Akaichukua kalamu yake, akauliza polepole, kwa kile Kiswahili chake kizuri. "Shahidi, mtazame huyu kijana. Je, sura yake imeharibika?" Verediana aliinua uso akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo kabla ya siku ile wala baada yake, na nimeishi naye maisha yangu yote. "Watu wanasema mwanya ni uzuri," akasema. "Wake umezidi kidogo tu." Bati la mahakama lilitetemeka kwa kicheko. Projestus alikuwa anacheka na kulia kizimbani, na koplo mwenyewe aligeukia dirisha mabega yanatikisika. Nami nikatabasamu tena, safari hii bila kuombwa.

Hukumu ilisomwa mchana ule ule. Naikumbuka kwa maana, si kwa neno. Hakimu alisema mahakama haikusema jino ni kitu kidogo, wala haikusema asiyekuwa nalo hakupungukiwa. Mbele ya mtu mwingine, siku nyingine, meno mawili yanaweza kuwa dhara kubwa kabisa. Lakini kwa huyu aliyesimama hapa, kazi ya kinywa haikufa, afya haikuharibika bali ilizidi, na kuhusu sura mahakama imemsikia shahidi aliye na nafasi nzuri ya kujua. Kile chakula, akasema, hakikuwa kipimo cha jeraha bali cha jambo lingine lisilo katika mamlaka yake. Projestus alitiwa hatiani kwa shambulio la kudhuru mwili, akapewa onyo kali na sharti la kukaa kwa amani mwaka mzima, akaambiwa amridhishe majeruhi kwa namna wazee watakavyoona. Nje, chini ya upenu wa ghala, Mzee Bartazari alitushikisha mikono akamuuliza Projestus atanifidia nini. Projestus alinitazama, akaitazama na ile sura ya dada yake iliyokuwa inang'aa, akasema, "Mila ni mila. Nitamlisha mpaka apone."

Mama alituma mshenga wiki ile ile, ingawa yule mzee alilalamika kwamba amepelekewa kazi iliyokwisha. Alipofika kwa mama yake Verediana na kuanza ile hotuba ndefu ya kuomba maji ya kunywa na kuuliza kama kuna ua zuri katika bustani hii, mama yule alimkatiza akamwambia ua lenyewe lilikwishajieleza mahakamani mbele ya koplo, aende tu kwenye mahari. Miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nilichaguliwa kuwa mshauri katika mahakama ile ile, nikakaa kwenye kiti cha Mzee Bartazari kwa muda mrefu. Nimeona masikio, vidole, mbavu. Nimeona kidole kidogo cha mshonaji kikawa dhara kubwa, na kovu refu la mcheza ngoma mmoja likawa la kawaida kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa analionyesha kwa majivuno. Kila mara vitabu vilisema maneno yale yale, na kila mara ilibidi tumtazame mtu upya, tumuulize anakula nini, anafanya kazi gani, nani anamngoja nyumbani. Mahakimu vijana walikuwa wananiuliza nimejifunza wapi kupima majeraha. Nilikuwa nawaonyesha pengo.

Projestus alipooa alihamia Nyabiyonza kwenye shamba la upande wa mkewe, na tangu hapo kila mavuno huja na mkungu na swali lake. Mwezi uliopita, chai ilipokwisha, Verediana alituwekea matoke yaliyopondwa kwa karanga kwenye sinia moja. Siku hizi anayaponda kwa ajili yetu sote, maana Projestus naye umri umemng'oa meno ya mbele, yote ya juu, bila mpini wa mtu yeyote, na hana wa kumshitaki. Tulikuwa tunakula kimya kimya kwa raha ya watu wasio na haraka, na mjukuu wangu, aliyekuwa amesikia habari nzima, akasema kwa moyo mwema, "Lakini Babu, siku hizi hilo ni jambo dogo. Mjini Kayanga wanabandika meno. Ukienda asubuhi, ukarudi mara moja tu kuyachukua, yamekwisha."

Tonge la Projestus likasimama kati ya sinia na mdomo. Hakuniangalia. Aliliangalia lile tonge, na nikauona uso wa mzee huyu ukifanya jambo ambalo nililiona siku ile ya nyasi na damu, alipokuwa anatafuta kitu chini akihofia asikipate. Nikamfikiria akiwa Nyabiyonza, mavuno yamefika, mkungu mzuri kabisa umesimama shambani, na hana sababu ya kupanda nao vilima. Nikaona na mlango wangu mwenyewe bila yeye.

"Meno ya nini?" nikamwambia mjukuu. "Mimi bado mgonjwa."

"Mwongo!" Verediana akaitikia kutoka jikoni. "Alipona wiki ya pili! Niliapa!"

Projestus akameza tonge lake, akajifuta midomo kwa nyuma ya mkono, akakohoa kidogo. "Linauma sana, muramu?"

"Leo hasa," nikasema. "Mwakani lete mkungu mkubwa zaidi."